Mistari ya Makaa Nyuma ya Mlango Wangu

Hapa kwetu Kolwezi, mtu akipima kitu, ujue anataka kukinunua. Hiyo ndiyo shule niliyosomea mimi, na sikurudia hata darasa moja. Akija kijana na utepe akaunyoosha mbele ya nyumba yako, usimuulize anafanya nini, muulize bei. Na akishapaka namba nyekundu ukutani, mazungumzo ya bei yamekwisha, imebaki kujua utahamia wapi.

Kwa hiyo walipokuja watu wa vipimo mtaani petu, mwishoni mwa kiangazi, na fungu la vigingi vya chuma limefungwa nyuma ya pikipiki, sisi wote tulielewa. Tulielewa vibaya, lakini tulielewa pamoja, na jambo likishaeleweka na mtaa mzima ni kazi kumpata mtu wa kulikosoa.

Mimi nauza saruji kwa kopo. Nauza pia misumari, kamba na mifuko ya rafia ambayo wachimbaji hubebea mawe yao, lakini kinachonilisha ni saruji. Watu wa kwetu hawajengi kwa mfuko mzima. Wanajenga kwa kopo: leo kizingiti, mwezi ujao dirisha, mwaka ujao Mungu anajua. Kopo langu lilikuwa la maziwa ya unga, lile kubwa. Unalijaza, unalipangusa juu kwa kiganja, na biashara yote iko hapo kwenye kiganja. Kikilala sawasawa, mteja amepata haki yake. Kikibonyea kidogo, unene wa kidole umebaki kwako. Sisemi kwamba nilikuwa nikibonyeza. Nasema tu kwamba thamani ya unene wa kidole naijua kuliko watu wengi waliosoma.

Nilikuwa pia nahesabu. Kila kopo likitoka, mstari mmoja wa makaa nyuma ya mlango wa kibanda changu, ng’ambo ya barabara kutoka nyumbani. Jioni nahesabu mistari, kisha naihesabu tena kuanzia upande wa pili, kwa sababu hesabu ikihesabiwa njia moja tu huzoea kukudanganya.

Mkubwa wa wale watu wa vipimo alikuwa mwanamke kijana, injenieri wa udongo kutoka Lubumbashi, mwenye viatu vya mgodini na kofia ya jua iliyokwisha kuchoka. Shefu wa mtaa, ndiye mkuu wetu, alituita uani kwake, na yule injenieri akatueleza bila haraka. Chini ya nyumba zetu kulikuwa na mahandaki ya miaka ile watu walipochimba kila mahali, hadi sebuleni. Mengine yalifunikwa kwa udongo mlegevu, na hakuna aliyechora yanapita wapi. Mvua ikiingia humo, udongo unashuka. Yeye na wenzake, wengine katika nchi ambazo hatutazikanyaga, walitaka kujua unashukia wapi kabla mvua kubwa hazijaja. Wangepiga vigingi kumi na viwili, wavipime leo, wavipime tena baada ya mwezi. Na juu angani kulikuwa na satelaiti ambayo nayo ingetazama.

Alisema yote hayo. Sisi tulisikia vitu viwili: nchi za nje, na kupima. Tukarudi nyumbani tukifanya hesabu zetu.

Kigingi kilichonihusu mimi kilipigwa nje ya uzio wangu wa matete, shubiri moja tu. Nilikitazama siku tatu. Shubiri moja! Yaani mstari wao ulikuwa unapita pale, jirani ndani, mimi nje. Mtu anaweza kuvumilia kuwa nje kwa kilomita, lakini kwa shubiri moja ni tusi.

Jumapili, mtaa wote ukiwa makanisani na nyimbo zinagombana hewani, nilibaki nyumbani na kichwa kinachouma. Nikachukua mtaimbo. Kigingi kilitoka kwa hasira, kikaingia upya kwa upole, ndani ya uzio, karibu na mgomba. Nikafagia alama. Nikakitazama kutoka barabarani, kisha kutoka jikoni: mara mbili, kama kawaida. Kilionekana kama kimezaliwa pale. Hata kichwa kiliacha kuuma.

Sikujua kwamba ile Jumapili mtaani petu kulikuwa na ugonjwa wa kichwa.

Mwezi ulipotimia, injenieri alirudi na chombo chake chenye miguu mitatu, kile kinachoongea na satelaiti. Alianza asubuhi juu ya mtaa, akashuka kigingi kwa kigingi, na kadiri alivyoshuka ndivyo alivyozidi kunyamaza. Saa sita alifika kwenye kibanda changu, akaketi juu ya mfuko wa saruji bila kuomba ruhusa, akanywa maji yangu.

“Mama,” akasema, “bile bigingi bilitembea. Kumi na mbili, na kenda bilitembea. Byote binaenda ku manyumba. Hata kimoja hakikuenda ku barabara.”

Nikamwambia udongo wa Kolwezi una mambo mengi.

“Eeh. Unapenda batu sana, huu udongo.”

Alicheka kidogo, akaacha. Akafungua kompyuta yake juu ya kaunta yangu, kati ya misumari na kamba, akanionyesha kitu ambacho nadhani hakukusudia kumwonyesha mtu yeyote. Alikuwa amechoka tu. Ilikuwa picha ya mtaa wetu kutoka juu. Niliyajua mabati yetu mara moja. Nililiona la kanisa, nililiona langu lenye kiraka. Na juu ya mabati kulikuwa na rangi: kijani karibu kote, halafu upande wa chini, kwenye safu ya nyumba nne, doa jekundu kama chai iliyomwagika.

Nikamuuliza lile doa ni nini. Akaniambia satelaiti ile hupita juu yetu kila baada ya siku kadhaa, inarusha mawimbi, mawimbi yanagonga mabati na kurudi. Ukilinganisha yalivyorudi leo na yalivyorudi zamani, unajua bati limeshuka au halikushuka. Pale penye wekundu mabati yalikuwa yameshuka.

“Kiasi gani?”

Akainua kidole chake cha shahada, akakilaza ubavu. “Hivi. Ao kidogo chini ya hapo.”

Niliuliza satelaiti iko mbali kiasi gani. Akanijibu kwa kilomita, na nilipozisikia nilimwomba arudie, nikidhani kiganja chake kimebonyea. Hakikubonyea. Kilikuwa chombo kinachopita juu zaidi ya Kolwezi hadi Lubumbashi ukiisimamisha ile barabara wima mbinguni, ukarudi, na bado hujakifikia. Na kutoka huko, bila kutujua majina, bila kutununua, kilikuwa kinaona kwamba bati la jirani yangu limepungua unene wa kidole. Mimi niliyeishi maisha yangu yote kwenye unene huo, na kuufanya siri kati yangu na kopo, nililisogeza kopo langu chini ya kaunta. Kumbe kulikuwa na mtu anayepangusa kopo kutoka mbinguni.

Lakini injenieri alikuwa amefunga uso. Doa peke yake halitoshi, akasema. Satelaiti nayo inaweza kudanganyika, kwa miti, kwa maji, kwa mambo ya hewa. Ndiyo maana walipiga vigingi, ili ardhi iseme na yenyewe. Sasa vigingi vya ile safu navyo vilikuwa vimetembea kwenda manyumbani. Kupima upya kungehitaji mwezi mwingine, na mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya upande wa Angola. Tena wenzake walizipitia zile nyumba nne wakitafuta nyufa. Tatu zilikuwa na nyufa za kawaida, kama nyumba zote. Ya nne, iliyo katikati ya doa kabisa, haikuwa na hata mmoja. Kuta nyeupe kama mashuka ya hospitali. Shefu wa mtaa akauliza, na kwa haki, atawahamishaje watu kwa rangi ya kompyuta wakati nyumba yenyewe imesimama safi.

“Ninahitaji kitu cha pili,” akasema. “Kimoja hakitoshe. Kitu cha pili chenye kinasema vilevile.”

Hapo ndipo aliponigusa. Kuhesabu mara mbili, hiyo ni lugha yangu.

“Miye njo nilisongesha kile cha kwangu,” nikamwambia.

Hakushangaa, na hilo lilinitia aibu kuliko kama angeshangaa. Aliuliza tu kwa nini. Nikasema nilitaka kuwa ndani. Ndani ya nini? Nikasema sijui, ndani ya kile mlichokuwa mnapima.

“Mama, hatupimiake juu ya kuuza.”

“Sasa munapimiaka juu ya nini?”

“Juu mutu asikufe.”

Alilisema kama anavyosema mtu bei ya mwisho, ile ambayo hata ukiondoka hakuiti. Kisha akafunga kompyuta, akaondoka kwenda kutafuta namna.

Nilibaki na kibanda changu na mlango wangu. Kwa sababu ile nyumba ya nne, nyeupe, niliijua vizuri, na mwenye nyumba nilimjua vizuri zaidi.

Alikuwa tata mmoja, mzee mstaafu wa mgodi, kama baba yangu. Wazee wao waliletwa kutoka Kasai pamoja, wakapewa nyumba za kambi zinazofanana, na siku za usafi kukaguliwa, hata chini ya vitanda. Kampuni ilipoacha kuwapa chochote, yeye alijenga ile nyumba kwa mikono yake, na hakuacha kuikagua. Alikuwa akipaka chokaa kabla ya kila sikukuu. Mkewe alimwambia mbele za watu kwamba kama angepakwa yeye mafuta mara nyingi kama kuta, angekuwa bado msichana.

Kila Jumamosi alikuja kwangu kununua saruji. “Ya banda ya kuku,” alisema. Sisi tuna desturi ya matabishi: ukinunua mara nyingi, muuzaji anakuongezea kitu cha bure, la sivyo huyo si muuzaji ni mwizi. Tulipatana yeye na mimi, baada ya mvutano wa wiki mbili, kwamba kila kopo kumi nitampa la kumi na moja. Kwa hiyo makopo yake niliyachora peke yake, pembeni kabisa mwa mlango, na kila Jumamosi nilipiga mstari mrefu chini yake ili asije akasema nimesahau.

Nikafunga mlango kwa ndani, mchana, wateja wakigonga. Nikahesabu kutoka juu. Kuanzia Pasaka, kopo moja kwa juma. Kopo moja, kopo moja, na kuna wiki moja hakununua kabisa. Halafu katikati ya kiangazi, mawili. Mawili. Mawili. Tangu majuma matatu: matatu, matatu, manne. Nikahesabu kutoka chini kwenda juu. Ilikuwa vilevile.

Kuku wake walikuwa watatu. Kwa saruji ile wangekuwa wanakaa ghorofani.

Sasa ujue, muuzaji akifungua kinywa juu ya mteja, afunge na duka. Mnunuzi anakupa siri bila kukuambia: nani anajenga, nani ameuza mawe vizuri, nani anaziba nini. Na huyu tata nilijua kwa nini anaziba. Kwa sababu ile ile iliyonifanya mimi nichukue mtaimbo. Siku moja watu wa kupima watakuja, nyumba yenye ufa italipwa nusu. Nyumba nzima italipwa nzima. Alikuwa anaitengeneza nyumba yake kwa ajili ya mnunuzi, kama mtu anavyompaka mafuta mbuzi wa kuuza. Na kwa kuipaka alikuwa anawafunga macho watu pekee waliokuja bila kununua.

Nilimwita injenieri. Alikuja, nikamfungulia mlango, nikamwonyesha ile pembe. Nikamweleza makopo, Jumamosi na kuku.

 Alipitisha kidole karibu na mistari bila kuigusa, akishuka nayo. Akaniuliza kopo langu hujazwa sawa kila mara. Nikaapa. Akanitazama. Nikasema, haya, hubonyea kidogo, lakini hubonyea sawa kila mara. Akasema hiyo inatosha, chombo kinachokosea sawa kila mara kinaweza kutumika. Sijawahi kusifiwa kwa usahihi namna ile.

Akaupiga mlango picha. Akaandika tarehe za Jumamosi, akaituma kwa mwenzake katika nchi ya theluji, yule anayezisoma picha za satelaiti. Tuliketi tukingoja, yeye kwenye mfuko wake, mimi kwenye kigoda. Simu ikalia. Waliongea Kifaransa cha haraka, nikamwona anatabasamu.

“Anauliza hiki ni chombo gani.”

“Mwambie ni mulango.”

Alimwambia. Upande wa pili nikasikia mtu mzima akicheka, mbali sana, kicheko cha kukohoa cha mtu wa mahali pa baridi. Nilijiuliza kwake ni saa ngapi, kama amekula, kama mkewe anajua kwamba anashughulika na kuta za tata mmoja wa Kolwezi.

Baada ya muda ikaja picha kwenye kompyuta. Mistari miwili. Mmoja ulikuwa wa satelaiti, bati la nyumba ya nne linavyoshuka tangu Pasaka. Mwingine ulikuwa wa makopo yangu. Huo wa makopo waliupindua ili yote miwili iende upande mmoja. Ilianza pamoja ikitembea polepole kama wazee wawili wanaotoka kanisani. Katikati ya kiangazi, juma lile lile, ikaongeza mwendo. Majuma matatu yaliyopita ikainama tena, yote miwili, juma lile lile. Mmoja ulichorwa kutoka mbinguni na chombo ambacho sijui hata kinafananaje. Mwingine niliuchora mimi kwa makaa ya kupikia, kwa kuogopa kudaiwa matabishi. Haikuwahi kukutana, na ilikuwa inasema neno moja.

Nimewahi kuona miujiza inayotangazwa kwa spika, na sadaka ikipita kabla na baada. Huu haukutangazwa. Niliutazama nikashindwa kufunga kinywa, na injenieri, ambaye ndiyo kazi yake, naye alikuwa hajafunga cha kwake.

Jioni tulikwenda kwa tata, sisi wawili na shefu wa mtaa. Alitukaribisha sebuleni. Kuta nyeupe, kalenda ya kanisa, viti vimefunikwa vitambaa vya kusokota. Mkewe alileta karanga. Wajukuu walitolewa nje. Injenieri alieleza doa, akaeleza udongo, kwa heshima zote, na tata akasikiliza kama anavyosikiliza mtu anayeuziwa kitu. Alipomaliza, tata akazungusha mkono ukutani.

“Mwanangu, angalia. Weye ulisoma. Unionyeshe ufa.”

 Nikaona zamu imefika kwangu.

“Tata,” nikasema, “kuku yako iko ngapi?”

“Tatu.”

“Na simenti ya kuku iko kopo ngapi?”

Alinitazama. Nilitamani nifukuzwe, ningejua la kufanya.

“Weye mama,” akasema polepole, “unahesabiaka batu simenti?”

“Nahesabiaka kila kitu, tata. Mara mbili. Na weye njo ulinifundisha, juu ya ile matabishi yako.”

Shefu alikohoa. Mke wa tata alikuwa anamtazama mumewe, si sisi, na nadhani ni yeye aliyeamua, kwa sababu aliweka bakuli la karanga chini na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Toa kalenda.”

“Mama...”

“Toa kalenda, baba. Batoto banalala mule ndani.”

Tata akainuka. Akaitoa kalenda kwenye msumari, taratibu, akaikunja. Nyuma yake plasta mpya ya Jumamosi ilikuwa imekwisha kupasuka, na ufa ulishuka kutoka darini hadi nyuma ya kiti. Aliingiza mkono. Vikaingia vidole, kikaingia kiganja, mkono ukaingia hadi kwenye saa.

“Kila juma naifunga,” akasema kwa ukuta, si kwetu. “Kila juma inafunguka. Nilizani ni miye siyue tena kazi.”

Hakuna aliyemcheka. Injenieri aliinamisha kichwa, na nilimwona anafuta jicho kwa ukingo wa kofia yake, yule aliyezoea kilomita na mawimbi.

Waliondoka kabla ya juma kwisha, familia zote nne. Tata na mkewe na wajukuu wakaenda kwa binti yao huko Manika. Wengine kwa ndugu, na familia moja kwenye ukumbi wa kanisa. Tata aling’oa mabati yake, milango, madirisha, hata kizingiti. Siku ya kuondoka nilisimama barabarani nikawahesabu watu wakitoka na magodoro. Ishirini na watatu. Nikahesabu tena: ishirini na watatu.

Na nyumba ya kwangu? Kwenye ile picha ilikuwa kijani, imara kama mwamba. Kile kigingi nilikirudisha nje mwenyewe, mchana kweupe, shubiri moja kutoka uzioni. Sikupata senti ya mtu.

Mvua zikaja. Za kwanza, nyepesi, za kutuliza vumbi. Kisha za kawaida. Nyumba ya nne ikasimama. Ikasimama bila paa, nyeupe, maji yakitiririka kwenye ile chokaa, na kila mtu aliyepita aliitazama kisha akanitazama mimi. Tata alikuwa anakuja kwa pikipiki kutoka Manika karibu kila siku, anaketi kwenye mfuko ule ule wa injenieri, anaitazama kutoka kwangu.

“Bado imesimama,” alikuwa akisema.

“Bado, tata.”

“Kopo yako ilisema uongo.”

“Pengine.”

“Na ile kintu ya mbingu nayo.”

 Usiku nilikuwa naanza kuamini kwamba nimemtoa mzee nyumbani kwake kwa mistari ya makaa. Nilimpigia injenieri simu. Alisema hawezi kunipa siku. Sayansi yao, akasema, inaweza kukuambia wapi na pengine karibu lini, haiwezi kukuwekea miadi. Nilimwambia huo ni uuzaji mbaya. Akakubali.

Ilikuwa siku ya kazi, kama saa tano asubuhi, baada ya mvua ya siku mbili mfululizo. Tata alikuwa ameketi pale pale, tunabishana juu ya bei ya misumari ambayo hakuwa na haja nayo. Hatukusikia kishindo. Watu wanadhani huwa kuna kishindo. Ilikuwa sauti kama ya mtu mnene akikaa kwenye kiti cha zamani, halafu vumbi, katika siku ya mvua, vumbi jeupe la chokaa likapanda juu ya nyumba.

Tulikimbia, yeye kwa fimbo, mimi na kopo mkononi. Pale palipokuwa na sebule kulikuwa na shimo, la mviringo kabisa, kama limekatwa kwa kopo la Mungu. Upande wa jiko ulikuwa umekwenda wote. Ukuta mmoja ulikuwa umesimama ukingoni, ule wa kalenda, msumari ukiwa bado unang’aa. Tulisikia mawe yakiendelea kuanguka chini, na chini hapakuwa karibu. Chumba cha watoto hakikuwepo.

Shefu alikuwa anapiga kelele watu wasisogee. Mimi nilikuwa nahesabu. Ishirini na watatu, nikiwataja mmoja mmoja walipo: Manika, ukumbi wa kanisa, kwa shangazi, shuleni. Nikaanza tena kutoka mwisho. Ishirini na watatu. Nikaanza mara ya tatu, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani, kwa sababu sikuamini kwamba idadi inaweza kuwa nzuri kiasi kile. Hata mmoja hakupungua.

Tata aliegemea fimbo yake.  Pole ya nyumba naijua, pongezi ya uhai naijua, lakini ya vyote viwili pamoja hatujaitunga bado. Mwishowe alivua kofia, akatazama juu. Hakukuwa na kitu, mawingu tu. Lakini alitazama sawasawa, kama mtu anayemtafuta anayemwangalia.

“Inapitaka lini tena, ile kintu?”

Nikamwambia siku kadhaa. Itapita ikutazame, ikukute hauna bati.

“Itajua nilitoka?”

Nikasema itajua bati lilitoka. Ya kwamba yeye alitoka, huyo wa theluji tutampigia simu.

Jumamosi iliyofuata alikuja kibandani, amevaa shati la kanisani, akasimama mbele ya mlango, akainama kwenye pembe yake na kuanza kuhesabu mistari kwa kidole. Alihesabu kwenda chini, akahesabu kwenda juu. Nilimwacha.

“Mama, ulinikosesha matabishi moja.”

Nilihesabu na mimi. Alikuwa na haki. Nikachota kopo, nikalijaza, nikainua kiganja kulipangusa, na nikakuta naogopa kukibonyeza. Nikakilaza sawasawa kabisa, hadi ukingoni.

Nilimuuliza sasa ni ya kuku gani.  Alivuka barabara na kopo lake, akachota maji kwenye mtaro, akapiga magoti kwenye tope, shati la kanisani na yote, kando ya uzio wangu, na akaanza kukijengea kile kigingi changu mguu wa saruji, mviringo, laini, kwa kazi ya mikono ile ya zamani ya kambini, ili mtu yeyote mwenye mtaimbo na kichwa kinachouma asikiweze tena.